Harry Thuku, mfungwa wa Lamu aliyenyimwa kesi

Wachuuzi wa Kawangware 46, kule Dagoretti, Nairobi, wanaijua Mahakama ya Jiji. Kanjo akimkamata mtu kwa kuuza bidhaa barabarani, humfikisha City Hall. Hakimu humsomea shtaka chini ya sheria ndogo za kaunti, na anaweza kumtoza faini au kumfunga. Manung'uniko ni mengi, lakini shtaka lipo, adhabu ina kikomo na rufaa ipo. Harry Thuku alinyimwa yote matatu.

Thuku alizaliwa 1895 huko Kambui, Kiambu. Aliingia Nairobi 1911 kutafuta riziki, na si muda mrefu korti ikamfunga miaka miwili kwa kosa la hundi. Alitumikia kifungo chake, akatoka. Baadaye alipanga chapa gazetini, kisha akawa mhudumu wa simu katika Hazina ya serikali.

Wakati huo kipande, kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara viliwabana Waafrika. Juni 1921 machifu walikutana na wakubwa wa serikali papo hapo Dagoretti kutoa malalamiko, na Thuku alikuwapo. Mwaka huohuo akaongoza East African Association, chama kilichowaunganisha watu wa makabila mbalimbali.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulisimama nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21.

Thuku hakufikishwa mbele ya hakimu. Sheria ya kikoloni ilimruhusu gavana kumhamisha Mwafrika bila kumshtaki. Akapelekwa Kismayu, halafu Lamu, Witu na Marsabit. Kifungo cha kwanza kilikuwa na siku ya kwisha. Hiki hakikuwa nayo. Aliachiliwa baada ya karibu miaka tisa. Uzeeni alikuwa mkulima wa kahawa aliyeipinga Mau Mau, na wengi hawakumsamehe kwa hilo. Alifariki 1970.

Katiba ya 2010 inaamuru mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Hata hivyo, hapa Pwani zipo familia zinazouliza hadi leo walipo vijana wao waliochukuliwa na hawakuonekana katika korti yoyote. Hakimu mkali ana mlango wa rufaa. Asiyepelekwa kwa hakimu, atakata rufaa wapi?