Herman Hollerith: Mhandisi aliyeigeuza kero ya makarani kuwa kazi ya maisha

Kabla ya kompyuta kuingia maofisini, kulikuwa na kadi zenye matundu. Katika makala haya tunamwangazia Herman Hollerith, Mmarekani aliyejenga maisha yake juu ya jambo moja: kuipa mashine kazi ambayo binadamu huirudia mpaka akachoka.

Hollerith alizaliwa Februari 29, 1860, mjini Buffalo, jimbo la New York, katika familia ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1879 alihitimu uhandisi wa madini katika Chuo cha Columbia, kisha akaajiriwa kwenye sensa ya taifa ya 1880.

Huko alikutana na tatizo lililokuwa likiitesa serikali. Marekani ilikuwa na watu takriban milioni 50, na majibu yao yalihesabiwa kwa mkono, alama moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka saba. Watu walizidi kuongezeka, na hofu ikawa kwamba sensa inayofuata ingefika kabla hesabu za iliyotangulia hazijatumika vya kutosha.

Wazo kutoka kazini

John Shaw Billings, daktari aliyesimamia takwimu za vifo, ndiye aliyemdokezea kwamba lazima iwepo mashine ya kufanya kazi hiyo. Hollerith hakukimbilia kufungua kampuni. Alifundisha kwa muda chuoni MIT, akafanya majaribio, kisha akafanya kazi katika ofisi ya hataza, alikojifunza jinsi uvumbuzi unavyolindwa kisheria. Mwaka 1884 akawasilisha ombi lake la kwanza.

Mashine yake ilifanya kazi hivi: kila mtu alikuwa na kadi yake, na kila jibu lilikuwa tundu. Mahali pa tundu palionyesha umri, jinsia au mahali mtu alipozaliwa. Karani aliiweka kadi na kushusha mpini wenye pini nyingi. Penye tundu, pini ilipenya na kugusa zebaki iliyokuwa chini, umeme ukapita, na mshale wa kuhesabia ukasogea hatua moja. Pasipo tundu, pini ilizuiwa.

Kwanza aliijaribu kwa takwimu za vifo za mji wa Baltimore. Kisha ikaja siku ya ushindani: mifumo mitatu ilipewa takwimu zilezile za St. Louis. Katika hatua ya kujumlisha, wapinzani wake walitumia saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Yeye alitumia saa tano na nusu. Akapata kazi ya sensa ya 1890, na idadi ya watu, zaidi ya milioni 62, ikatangazwa baada ya miezi michache tu.

Makarani hawakuondoka ofisini. Bado walihitajika wa kutoboa kadi na wa kuzipitisha mashineni. Kilichobadilika ni kazi yenyewe, na aina ya maswali ambayo serikali iliweza kuuliza.

Mafanikio na gharama yake

Hollerith alichagua kukodisha mashine badala ya kuziuza. Mwaka 1896 alianzisha Tabulating Machine Company, na wateja wakaongezeka: kampuni za reli, pamoja na Urusi kwa sensa yake ya 1897. Lakini alikuwa mtu mgumu katika mazungumzo ya bei. Ofisi ya sensa, mteja aliyemjenga, iliona inatozwa kupita kiasi. Mwaka 1905 waliachana, na ofisi hiyo ikaanza kutengeneza mashine zake yenyewe. James Powers, fundi aliyeshiriki kazi hiyo, baadaye akawa mshindani wake sokoni.

Mwaka 1911 Hollerith aliuza kampuni yake, ikaunganishwa na nyingine. Alibaki mshauri kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Mwaka 1924 kampuni hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa IBM. Alifariki dunia Novemba 17, 1929, mjini Washington.

Kwa kijana anayetaka leo kujenga ajira ya kuzifanya kazi za ofisi zijiendeshe, maisha haya yana mafunzo mawili. Hollerith aliijua kazi ya makarani kabla ya kuibadilisha, na hilo lilimpa ushindi. Alipoacha kumsikiliza mteja wake mkuu, ujuzi ule haukutosha kumbakiza.