Monica Wilson na Vijiji vya Rika

Katika masomo ya makuzi ya mtoto sisi wakufunzi hutaja mno wataalamu wa Ulaya, tukamsahau mama aliyeyachunguza makuzi hayo papa hapa Kyela na Rungwe. Monica Hunter alizaliwa Lovedale, Afrika ya Kusini, mwaka 1908, akasoma Cambridge. Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, nao wakaishi kati ya Wanyakyusa hadi 1938.

Waliona kuwa mvulana wa miaka 10 au 11 huwaachia wadogo zake ng'ombe, akatoka kwa baba, akajenga na wenzake vibanda vya matete. Usiku walilala huko. Mchana walilima mashamba ya baba zao, kisha wakaenda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Humo ndimo walimojifunza ukwangala, yaani kukaa vema na wenzi: mazungumzo, adabu, ukarimu. Umri huo, wanachuo, ndio wa darasa letu la tano!

Godfrey alifariki mwaka 1944, akamwacha na wana wawili na madaftari ya utafiti. Mwaka 1951 alitoa kitabu Good Company juu ya vijiji hivyo, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Cape Town hadi 1973. Wapo wataalamu waliotilia shaka maelezo yake. Sisi twamsifu kwa kutoficha upungufu wa mpango wenyewe: wasichana hawakuwa na kijiji chao, bali waliposwa wangali wadogo. Alifariki mwaka 1982.