Buster Keaton: Mtoi Aliyerushwa Jukwaani na Budake

Ukimcheki Jackie Chan akiruka kutoka juu ya jengo yeye mwenyewe, jua kuna msee alimtangulia miaka mingi, na Jackie hukubali hivyo. Anaitwa Buster Keaton. Huyu hakufunzwa kuanguka na kocha. Alifunzwa na budake.

Buster alizaliwa 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas, wazazi wake wakiwa safarini. Joe na Myra walikuwa wasanii wa kuzunguka, leo mji huu, kesho ule. Mathe alipuliza saksafoni, Joe alijulikana kwa mateke ya juu. Mtoi hajafika hata miaka 6, tayari ako jukwaani nao. Kikundi kikaitwa The Three Keatons.

Shoo yenyewe ilikuwa noma. Mtoi anamsumbua buda, buda anamrusha: kwa ukuta, kwa mapazia, mpaka chini kwa wanamuziki. Ili ashikike vizuri, nguo yake ilishonewa kishikio cha sutikesi. Na Buster akagundua kitu. Akicheka baada ya kuanguka, watu wananyamaza. Akibaki na sura kavu kama jiwe, ukumbi unalipuka. Hiyo sura ndiyo ilimlisha maisha yote.

Najua unajiuliza, si hayo ni mateso? Shirika la kutetea watoto la New York lilijiuliza hivyo hivyo, likawaandama miaka kibao. Mtoi akakaguliwa mwili kutafutwa alama. Buster mwenyewe alimtetea budake mpaka uzeeni, akisema alijua kuanguka na hakuumizwa. Ningemwamini haraka zaidi kama Joe hangekuwa mtu wa keroro. Miaka ilivyosonga ndivyo alivyozidi kukunywa, na ukirushwa na mlevi, hesabu yako ya kuanguka inakataa. Mwaka wa 1917 Myra na Buster, sasa ako 21, walichoka. Wakafunga mizigo, wakamwacha.

Mwaka huohuo Buster akaingia filamu kupitia Roscoe Arbuckle, staa wa vichekesho wa wakati huo. Kufikia 1920 alikuwa anatengeneza zake. Filamu hazikuwa na sauti, mwili ndio unaongea, na mwili wa Buster ulikuwa na mengi ya kusema. Kwa Sherlock Jr. ya 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha shingo ikagonga chuma. Akaamka, akaendelea na kazi. Miaka baadaye daktari akamwambia shingo ilikuwa imevunjika! Kwa Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, yeye anapona kwa sababu amesimama penye dirisha. Ukuta ulikuwa wa ukweli. Angesogea kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Na unajua nani alipewa wera kwa hizo filamu? Joe. Kwa Our Hospitality anaendesha treni, kwa The General ni jenerali. Yule aliyeachwa akarudi, mtoi akiwa ndiye bosi.

Halafu 1928 Buster akasaini na MGM, hatua ambayo baadaye aliiona kama kosa kubwa la maisha yake. Uhuru wa kupanga vichekesho vyake ukaisha. Chupa ikamshika, ile ile ya budake. 1932 ndoa na Natalie Talmadge ikavunjika, na vijana wake wawili wakabadilishwa jina la ukoo, wakawa Talmadge. 1933 MGM wakamfuta.

Aliyemsaidia kusimama tena ni Eleanor Norris, waliyeoana 1940. Joe alikufa 1946. Oscar ya heshima ikaja 1960, na 1965 kule Venice watu wakasimama wakampigia makofi kwa muda mrefu. Saratani ya mapafu ilimuua 1 Februari 1966, akiwa na miaka 70. Miezi kadhaa baadaye filamu yake nyingine ikatoka, mzee bado yuko kazini.