Willis Carrier na Kiyoyozi cha Mama

Wanachuo wenzangu, kuna majina tunayapita kila siku bila kuyasalimia. Pita mtaa wowote wa maofisi pale mjini, inua macho, utaona mashine zimening'inia ukutani zikidondosha maji, na baadhi yake zimeandikwa Carrier. Miaka yote nilidhani ni neno tu la Kiingereza lenye maana ya kubeba. Nilikuwa mwaka wa pili, tena nasoma uhandisi wa mitambo, ndipo nikagundua kumbe ni jina la mtu. Aliitwa Willis Haviland Carrier, na maisha yake yalikuja kukutana na saluni ya mama yangu kule Tanga kwa namna ambayo mpaka leo inanitia aibu kidogo. Ngoja niwasimulie.

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 katika kijiji kinachoitwa Angola, jimbo la New York. Si Angola yetu ya Afrika, ni ya kule Marekani, karibu na Ziwa Erie. Alikuwa mtoto wa pekee, akakulia shambani katikati ya watu wazima. Kwenye hesabu alianza vibaya, maana sehemu zilimpiga chenga kabisa. Mama yake, Elizabeth, hakumchapa wala hakumwita mjinga. Alimtuma akalete matufaha, akayakata nusu, robo na thumni, kisha wakakaa kujumlisha na kutoa vile vipande mpaka mtoto akaelewa. Mama huyo ndiye pia aliyekuwa na mkono wa kutengeneza saa na cherehani za nyumbani. Alifariki Carrier akiwa na miaka 11 tu. Mwanawe alipokuwa mtu mzima, bado alikuwa akilitaja somo lile la matufaha. Lilimfundisha kwamba tatizo kubwa halimezwi zima, linakatwa.

Alipomaliza shule uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na nyumbani hela hakuna. Akafundisha shule kwa muda, akarudi kusoma, mwishowe akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Cornell. Hapa naomba wenye bumu lililochelewa wanisikilize vizuri. Ufadhili ulimwingiza chuo, lakini kula na kulala alijitafutia mwenyewe. Alikata nyasi za watu, akahudumia mezani, na yeye na mwenzake wakaanzisha ushirika wa kufua nguo za wanafunzi. Pia alichochea matanuri. Kule kwenye baridi nyumba inapashwa joto na tanuri lililoko chini, na zama zile lilikuwa la makaa ya mawe, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuongeza makaa na kuzoa majivu. Yaani mtu tunayemkumbuka kwa ubaridi alijisomesha kwa kulisha moto.

Alihitimu mwaka 1901 akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Kazi yake ya kwanza haikuwa kupooza chochote. Alichora mitambo ya kupasha joto, ya kukausha mbao na kahawa. Na hapo akakuta jambo lililomkera: wahandisi walikuwa wanakisia. Walijua kuwa ukipuliza hewa kwa feni juu ya mabomba yenye mvuke, hewa inatoka ya moto. Lakini hewa kiasi gani, kwa kasi gani, mabomba mangapi? Kila mtu alikuwa na kadirio lake, na kwa kuogopa kukosea walijenga mitambo mikubwa kuliko mahitaji. Carrier akaanza kupima. Akapuliza hewa juu ya mabomba, akaandika joto linaloingia na linalotoka, akabadilisha kasi, akapima tena, mpaka akapata majedwali ya kutegemewa. Kampuni ikaokoa fedha nyingi, naye akapewa maabara yake.

Mwaka 1902 likaja tatizo la Brooklyn. Kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa kinachapa picha za rangi, na kila rangi ilipita peke yake. Majira ya joto karatasi zilinyonya unyevu zikatanuka, hewa ikikauka zikasinyaa. Rangi ya pili haikukaa juu ya ya kwanza. Carrier akachukua elimu yake ya mabomba ya moto akaigeuza. Badala ya mvuke akapitisha maji baridi. Hewa yenye unyevu ikigusa bomba baridi huacha maji yake pale, kama chupa ya soda inavyotoa jasho mezani. Michoro yake ina tarehe 17 Julai 1902, na lengo lilikuwa kuuweka unyevu wa chumba kwenye asilimia 55 mwaka mzima. Kwa hiyo kiyoyozi cha kisasa hakikuzaliwa kwa ajili ya binadamu. Kilizaliwa kwa ajili ya karatasi.

Baadaye mwaka huohuo alikuwa anasubiri treni usiku kwenye kituo cha Pittsburgh, ukungu umetanda. Akiutazama ule ukungu akawaza kwamba hewa ile imeshiba maji, lakini kwa kuwa ni baridi, maji yenyewe ni machache. Basi mtu akiweza kutengeneza ukungu wa joto analotaka, anaweza kuamua hewa ibaki na unyevu kiasi gani. Hapo akapata wazo linalosikika kama utani, la kukausha hewa kwa kuirushia maji baridi. Mwaka 1906 akapewa hataza ya mtambo huo. Mwaka 1911 akawasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani kanuni zake za uhusiano wa joto na unyevu hewani. Wale wenzangu wanaohangaika na chati ya saikrometri, mjue laana zenu anwani yake ni hiyo.

Sasa nirudi Tanga. Mama ana saluni ya kike, chumba kimoja, madraya mawili ya kukaushia nywele na kiyoyozi kimoja. Joto la Tanga likichanganyika na draya, bila kiyoyozi mteja haketi. Mwaka jana kikaanza kusumbua. Kinawaka lakini hakipoozi, na bomba lake jembamba linaota barafu. Fundi akaitwa, akasema gesi imeisha, akajaza. Baada ya miezi miwili, akajaza tena. Akaja mara ya tatu. Wakati huo umeme wa LUKU wa shilingi 20,000 ulikuwa hauvuki wiki moja. Mama akanipigia simu, maana kwake mimi ndiye mhandisi wa familia. Nami, kwa kujiamini kwote, nikamwambia hiyo mashine imechoka, anunue nyingine. Akaenda kikoba kuulizia mkopo wa shilingi 900,000. Hakuniambia, lakini nilijua kwamba marejesho yangetoka kwenye pesa ya chumba changu cha hapa chuoni.

Niliyasoma maisha ya Carrier kipindi hichohicho, kwa ajili ya kazi ya kozi. Nilipofika pale anapopima hewa juu ya mabomba nikasimama. Mimi nilikuwa nimetoa hukumu kwa simu, bila kupima wala kuona, sawasawa na wale wahandisi wa kukisia. Ijumaa nikapanda basi.

Nilizima swichi kubwa, nikafungua kifuniko cha mbele. Jamani! Chujio halikuonekana. Lilikuwa blanketi. Vumbi, poda, mafuta ya kupulizia nywele na nywele zenyewe vilikuwa vimeshikamana kama sufi ya godoro. Nilipomuuliza mama mara ya mwisho lilioshwa lini, aliniuliza kwa upole kama huwa linaoshwa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mafundi waliopita hawakusema, na mwanawe niliyemaliza mitihani miwili ya uhamishaji joto pia sikuwa nimesema.

Nieleze kilichokuwa kinatokea, maana wengi wanaliwa pesa hapa. Gesi ya kiyoyozi si kama gesi ya jikoni. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na kujaza bila kutafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka. Lakini barafu kwenye bomba ina sababu nyingine pia, nayo ni hewa kutopita. Chujio likiziba, hewa ya joto haifiki kwenye mabomba ya baridi, yanazidi kupoa mpaka unyevu unaganda juu yake. Barafu nayo inaziba hewa zaidi. Kompresa inanguruma mchana kutwa, uniti zinakwenda, chumba hakipoi. Fundi asiyepima anaiona barafu anakimbilia gesi.

Tulimwita fundi mwingine, mzee mmoja mwenye geji zake. Akapima, akakuta gesi si pungufu. Ilikuwa imezidi, akaipunguza kuiingiza kwenye mtungi wake. Akaosha mapezi ya ndani, akaenda kwenye mashine ya nje iliyokuwa imezungukwa na makopo ya rangi, akatuambia tuyaondoe kwa sababu joto lililotolewa ndani lazima lipate pa kwenda. Akazibua na bomba la kutolea maji. Hakubadilisha hata kifaa kimoja. Umeme wa shilingi 20,000 ukaanza kufika siku ya kumi na moja, kumi na mbili. Mama hakwenda tena kuulizia mkopo.

Msiseme ni Tanga tu. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa kubadilisha chujio lililoziba kwa safi kunaweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Na kwao chujio lina kazi hata wakati wa baridi. Nyumba nyingi za kule zinapashwa kwa hewa ya moto inayosukumwa na feni kutoka kwenye tanuri. Chujio likiziba, tanuri linazidi joto, linajizima kabla nyumba haijapata moto, linawaka tena, linajizima tena. Feni, chujio, hewa juu ya chuma: ni jedwali lilelile la Carrier, la moto na la baridi.

Yeye mwenyewe aliendelea mbali. Mwaka 1915, baada ya Buffalo Forge kuamua kubaki na utengenezaji tu, alitoka na wahandisi wenzake sita, wakachanga dola 32,600, wakaanzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1922 alitoa mashine mpya ya kupooza iliyokuwa ndogo na salama zaidi kuliko zile za amonia. Mwaka 1925 ikafungwa kwenye ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York. Watu waliingia na vipepeo vyao mkononi, na kidogo kidogo vikaacha kupepea. Kuanzia hapo binadamu nao wakahesabiwa pamoja na karatasi. Alioa mara tatu, wake wawili wakatangulia kufa. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliitikisa kampuni, kisha vita ikaja. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1950, kabla ya viyoyozi kuenea kwenye nyumba za watu wa kawaida. Hakuwahi kuona dunia ambamo saluni ya chumba kimoja inakuwa nacho.

Wala hakuona bili yake. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni vinachukua karibu asilimia 10 ya umeme wote duniani. Kwa hiyo jambo la chujio si la mama yangu peke yake. Hapa hapa kampasi kuna vyumba vya kompyuta ambavyo kiyoyozi kimewekwa digrii 16 huku madirisha yako wazi. Kwa mashine za kawaida, 16 haipoozi haraka kuliko 24. Inaifanya tu isipumzike. Funga dirisha, weka 24 au 25, na ukimwona msimamizi mwulize chujio lilioshwa lini. Ukiambiwa hakuna anayejua, umeshapata jibu.

Siku ya kuondoka nilimwonyesha mama namna ya kulitoa chujio, kulisuuza na kulianika kivulini. Alinitazama mara moja, akanisogeza, akalirudisha mwenyewe bila kukosea. Tulikubaliana kila Jumapili ya pili, kwa sababu ya nywele. Huwa ananitumia picha ya beseni kwenye simu, na maji yake siku hizi si meusi sana.