Karl Landsteiner: Mfumbuzi wa Fumbo la Damu

Kabla ya karne ya 20, kumtia mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa ni kuicheza kamari roho yake. Wapo waliopona, wapo pia waliotetemeka, wakakojoa mkojo mweusi na kukata roho. Aliyelifumbua fumbo hilo ni Karl Landsteiner.

Alizaliwa nchini Austria tarehe 14 Juni 1868. Babake, mwanahabari mashuhuri, alifariki Karl akiwa angali mtoto, naye akalelewa na mamake. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka wa 1891, kisha akajitosa katika kemia.

Mnamo 1901 alichapisha matokeo ya jaribio sahili mno. Alichukua damu yake na ya wenzake maabarani, akatenga chembechembe nyekundu na majimaji ya damu, kisha akachanganya za huyu na ya yule. Baadhi zilipatana, nyingine ziligandamana vibonge. Hivyo akabaini makundi matatu: A, B na C, ambalo leo huitwa O. Kundi la AB lilitambuliwa na wenzake mwaka wa 1902. Ugunduzi huu ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930.

Landsteiner hakuishia hapo. Mnamo 1908, akishirikiana na Erwin Popper, aliwaambukiza kima ugonjwa wa kupooza kutokana na ugwe wa mgongo wa mtoto aliyeuawa na maradhi hayo, hatua iliyofungua njia ya kuthibitisha kuwa polio husababishwa na virusi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, dhiki ilimhamisha Vienna hadi Uholanzi, kisha New York, ambako mwaka wa 1940 yeye na Alexander Wiener walitangaza kipengele cha Rh.

Basi mtu huyu alishughulikia damu na maambukizi pia, ila uhusiano wa mawili hayo ulikuja kudhihirika zaidi baada yake. Tafiti barani Afrika, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kuwa watoto wa kundi O hawaelekei sana kupatwa na malaria kali. Sababu mojawapo ni kwamba chembechembe zao zenye vimelea hazishikamani kwa urahisi na nyingine, hivyo haziibi mishipa midogo ya damu nafasi ya kupitisha hewa safi. Hata hivyo, kundi lilo hilo huelekea kuzidiwa na kipindupindu. Ngao ya ugonjwa mmoja ni mwanya wa mwingine.

Funzo hapa ni bayana. Hakuna damu bora wala damu duni, na hakuna kundi linalomwondolea mtu haja ya chandarua, dawa na maji safi. Mtoto wa kundi O asiyetibiwa malaria anaweza kufa pia, kama mwenzake wa kundi A.

Landsteiner alishikwa na maradhi ya moyo akiwa maabarani, akafariki siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni 1943. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Kila chupa ya damu inayopimwa kundi kabla ya kumfikia mama aliyevuja damu katika uzazi ni urithi aliotuachia.