Al-Jahiz wa Basra: Mwandishi aliyekula kwa kalamu yake

KATIKA nyumba nyingi za Waislamu huzuka mzozo pale kijana anapowaeleza wazazi wake kwamba anataka kuishi kwa kalamu, au kwa kuchora, au kwa kusoma kasida. Baba huuliza kijana huyo atakula nini. Swali hilo si la leo, wala si la aibu. Ijumaa hii tumeona tumtazame mtu aliyeulizwa swali hilo hilo na mama yake mzazi, katika mji wa Basra nchini Iraki, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Naye ni Abu Uthman Amr bin Bahr, ajulikanaye kwa lakabu ya al-Jahiz, maana yake mwenye macho yaliyotokeza.

Alizaliwa Basra karibu na mwaka 160 Hijria, sawa na 776 Miladia. Hakuwa na nasaba ya kujivunia wala mali ya kurithi. Watu wake walikuwa chini ya himaya ya kabila la Banu Kinana, na wapokezi wanasimulia kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi aliyeshughulikia ngamia wa bwana mmoja wa kabila hilo. Sura yake haikuwa nzuri. Mahasidi wake hawakuacha kulitaja jambo hilo, ingawa yeye mwenyewe alilifanyia mzaha kuwashinda wao. Katika ujana wake alionekana akiuza mikate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan.

Lakini Basra ya zama hizo ilikuwa chuo kisicho na mlango. Pale Mirbad, soko la ngamia ukingoni mwa mji, mabedui walikutana na washairi, na mwenye masikio aliweza kuchuma lugha bila kulipa hata dirhamu. Misikitini walikaa mabingwa wa lugha kama al-Asma'i, Abu Ubayda na Abu Zayd al-Ansari, na kijana yule muuza samaki alikaa miguuni pao. Usiku alikuwa na hila nyingine. Alikodi maduka ya wauza vitabu, akajifungia ndani hadi asubuhi, akisoma chochote kilichomwangukia mkononi. Fikiri, ewe msomaji, mtu asiye na akiba anatoa senti zake, si kununua kitabu, bali kukodi usiku mmoja pamoja na vitabu.

Mama yake hakufurahia. Inasimuliwa kwamba siku moja alidai chakula, na mama akamletea sinia lililojaa madaftari. Alipouliza ni kitu gani kile, aliambiwa kwamba hicho ndicho anacholeta nyumbani kila siku, basi na akile. Alitoka na huzuni mpaka msikitini. Huko alikutana na tajiri mmoja aliyempenda, Muways bin Imran, ambaye alipojua yaliyompata alimpa dinari 50. Al-Jahiz akaingia sokoni, akanunua unga na mahitaji mengine, akawatwika wachukuzi. Mama alipoona mzigo ule unaingia aliuliza umetoka wapi, naye akamjibu kuwa umetoka katika yale madaftari aliyompakulia. Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Sisi tunaona kwamba mama yule hakukosea. Sinia lilikuwa tupu kweli.

Hapa yafaa tueleze jinsi biashara ya vitabu ilivyokwenda, maana bila hivyo maisha ya bwana huyu hayafahamiki. Karatasi ilikuwa imeanza kuenea Iraki na kuiondoa ngozi polepole, hivyo vitabu vikawa vingi na bei ikashuka. Waliofaidika na hali hiyo walikuwa wanakili, ambao ndio waliokuwa pia wauza vitabu. Mtu akitaka kitabu, mnakili alikiandika upya kwa mkono na kupokea ujira wake. Mtunzi hakupata kitu. Kitabu kikishatoka nyumbani mwake, hata kikinakiliwa mara 1,000, hakuna senti iliyorudi kwake. Njia iliyobaki ilikuwa ni kumtunukia kitabu mkubwa fulani, waziri au kadhi, na kungoja zawadi. Kwa maneno mengine, mtunzi aliuza nakala moja tu, kwa mnunuzi mmoja tu, na bei ilitegemea moyo wa mnunuzi siku hiyo.

Al-Jahiz alilijua soko hili kwa undani, na jina lake lilipokuwa bado changa alilifanyia ujanja ambao baadaye aliukiri mwenyewe. Aliona kwamba akitoa kitabu kizuri kwa jina lake, wenye elimu waliungana kukitia dosari kwa sababu ya husuda. Basi alitunga vitabu ambavyo yeye mwenyewe aliviona vya chini zaidi, akavitoa kwa majina ya watu mashuhuri waliotangulia, kama Ibn al-Muqaffa na al-Khalil. Wale wale waliomponda walikuja mbio kuvinakili na kuvisomesha. Hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni halali kwa kuwa lilifanywa na mtu mkubwa, maana ni kuuza bidhaa kwa alama ya mwingine. Lakini linaonyesha njaa ilikuwa imemsukuma umbali gani.

Mambo yalianza kubadilika karibu na mwaka 200 Hijria, pale maandishi yake kuhusu uimamu yalipomfikia Khalifa al-Ma'mun na kumridhisha. Akahamia Baghdad, na baadaye Samarra. Alipewa kazi katika diwani ya barua za dola, kazi yenye mshahara na heshima, ambayo mama yeyote angeishukuru. Alikaa siku tatu, kisha akaomba kuondoka. Inasimuliwa kuwa mwandishi mwenzake, Sahl bin Harun, alikuwa akisema kwamba al-Jahiz akibaki humo nyota za makatibu wengine wote zitazama. Yeye hakutaka kubaki.

Badala ya mwajiri akachagua wafadhili. Mkubwa wao wa kwanza alikuwa waziri Muhammad bin Abd al-Malik, Ibn al-Zayyat, aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa mafuta. Huyo alitunukiwa Kitab al-Hayawan, kitabu cha wanyama ambacho chapa yake ya Cairo ina juzuu saba. Ndani yake mna mbwa na jogoo wakitetewa na mawakili wao, mna sarufi, mashairi, hadithi na vichekesho. Mtunzi alieleza kwamba anachanganya uzito na mzaha makusudi, ili msomaji asichoke. Waziri alitoa dinari 5,000.

Kisha ikaja siku ya bei nyingine. Mwaka 233 Hijria (847) Khalifa al-Mutawakkil alimkamata waziri huyo na kumtia katika tanuri lenye misumari ndani, tanuri ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitengenezea wengine, na humo yakaishia maisha yake. Al-Jahiz alikimbia. Alipoulizwa sababu, alisema aliogopa kuwa wa pili wao tanurini. Alikamatwa na kuletwa mbele ya kadhi mkuu, Ahmad bin Abi Du'ad, hasimu wa waziri aliyekufa, akiwa na minyororo. Kadhi alimkaripia kwa kukosa shukrani. Yeye alijibu kwamba kuwa kadhi na uwezo juu yake ni bora kuliko yeye kuwa na uwezo juu ya kadhi, na kwamba yeye akosee na kadhi asamehe ni sifa njema kwa kadhi. Minyororo ikafunguliwa, akaogeshwa, akavishwa nguo nzuri na kukalishwa mbele ya baraza. Kitabu chake cha ufasaha, al-Bayan wa al-Tabyin, kilitunukiwa kadhi huyo, na zawadi ikawa tena dinari 5,000.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Ibn Abi Du'ad ndiye aliyeongoza ile mihna ya kuwalazimisha wanazuoni wakiri kuwa Qur'ani imeumbwa, mihna ambayo Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa mijeledi kwa ajili yake. Al-Jahiz alikuwa Mu'tazila kwa itikadi, na kalamu yake iliandika kuutetea upande wa wenye mijeledi. Je, aliandika kwa imani au kwa mkate? Sisi tunadhani aliamini aliyoyaandika. Ila mtu anayelishwa na upande mmoja hawezi kuijua imani yake kwa usafi, na pengine yeye mwenyewe hakuijua.

Kitabu cha tatu, kuhusu mazao na mitende, kilimwendea Ibrahim bin al-Abbas al-Suli, kwa dinari 5,000 vilevile. Alipoulizwa kama ana shamba Basra, alitabasamu, akawahesabu wajakazi wawili, mtumishi na punda, kisha akavitaja vitabu hivyo vitatu na thamani yake. Akasema amerudi nyumbani na shamba lisilohitaji kupandwa upya wala kutiwa samadi.

Msomaji wa pwani yetu atapenda kujua kwamba bwana huyu aliandika pia risala ya kuwatetea watu weusi na fahari zao, na ndani yake akawataja Wazanji wa makundi mawili, wa Qanbalu na wa Lanjuya. Wataalamu wengi huona kwamba Lanjuya ni Unguja, na Qanbalu huenda ni Pemba.

Khalifa al-Mutawakkil alipata kumwita awafundishe watoto wake, lakini alipomwona sura akamrudisha kwa dirhamu 10,000. Mfadhili wake wa mwisho, al-Fath bin Khaqan, alimpatia posho ya kila mwezi na kumhimiza akamilishe risala yake ya kuwajibu Wakristo. Mwaka 247 Hijria (861) al-Fath aliuawa usiku mmoja na khalifa wake. Al-Jahiz alirudi Basra akiwa mzee, nusu ya mwili imepooza na nusu nyingine ina jongo, kiasi kwamba upande mmoja ungekatwa kwa mkasi asihisi, na upande wa pili nzi akipita anaumia. Hakuacha kuandika. Alifariki katika mwezi wa Muharram, mwaka 255 Hijria. Kisa cha kwamba vitabu vilimwangukia na kumuua kilienezwa na watu wa baadaye.

Vitabu vilivyotajwa kuwa vyake vinakaribia 200 au zaidi, na vilivyobaki kamili ni sehemu ndogo. Katika karne iliyofuata, mwanachuoni wa Baghdad aitwaye Ibn al-Ikhshid alikitafuta kimoja, kuhusu tofauti ya nabii na mwenye kudai unabii. Alipokwenda Hija alimkodi mnadi, akamtuma azunguke Arafa katikati ya mahujaji wa kila nchi, akimwombea rehema ya Mwenyezi Mungu mtu atakayeonyesha kilipo kitabu hicho. Mnadi alizunguka uwanja wote, watu wakimshangaa, kisha akarudi mikono mitupu.