Maisha ya Marehemu Nuhu Mbogo, Mwana wa Kabaka Suuna, na Mwaka wa Suluhu 1892

Katika watu waliotumikia Uislamu hapa Uganda, wachache ndio waliobeba mzigo mzito kama aliobeba marehemu Nuhu Mbogo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Vijana wengi hulisikia jina lake likitajwa pamoja na la mwanawe, marehemu Badru Kakungulu, lakini hawajui alipita katika mambo gani. Inafaa wajue, kwa kuwa amani ambayo Waislamu wa Kampala waliikuta, yeye aliinunua kwa bei kubwa.

Nuhu Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Suuna wa Pili na ndugu yake Kabaka Muteesa wa Kwanza kwa baba. Ilikuwa katika zama za baba yake, mwaka 1844, ndipo Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara Mwarabu, alipofika katika baraza la Buganda na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu mbele ya mfalme. Suuna akafariki mwaka 1856. Muteesa alipotawala akaisogelea dini zaidi kuliko baba yake: tangu mwaka 1867 akawa anafunga Ramadhani, akajenga msikiti katika kasri yake, na wakuu wengi wakajifunza kusoma na kusali. Mbogo alikuwa miongoni mwa wana wa kifalme walioipokea dini hiyo.

Lakini mapenzi ya wafalme hubadilika. Mwaka 1876 vijana wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa, na Muteesa akaliona jambo hilo kuwa ni uasi. Makumi ya Waislamu wakachukuliwa Namugongo wakachomwa moto. Hao ndio mashahidi wa kwanza wa Uganda kwa ajili ya dini. Zaidi ya hayo, katika miaka ile wamisionari wa Kiprotestanti waliingia mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, na kila kundi likapata wafuasi wake ndani ya kasri ile ile.

Muteesa akafariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga, wakamtawaza nduguye Kiwewa. Haukupita muda mrefu baadaye ila urafiki ule ulikwisha. Mwezi wa Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo Mengo, na Kiwewa alipokataa kutahiriwa wakamweka Kalema, naye akasilimu na kuitwa Rashid. Ikawa Buganda ina mfalme Mwislamu aliyetahiriwa, jambo ambalo halikupata kutokea kabla yake.

Ni wajibu kusema kweli hata pale inapouma. Utawala wa Kalema haukuwa wa uadilifu wote. Kwa kuogopa kupinduliwa, aliwaua wana na mabinti wengi wa nyumba ya kifalme mwaka 1889, na dhuluma haijengi dola. Wakristo walirejea pamoja na Mwanga, vita vikawa vya kupokezana, na mwanzoni mwa mwaka 1890 Waislamu wakashindwa, wakakimbilia upande wa Bunyoro chini ya himaya ya Mfalme Kabalega. Huko Kalema akafariki kwa ndui mwaka huo huo. Waislamu wakamtazama Mbogo, wakamfanya mkuu wao na mfalme wao.

Ufalme huo haukuwa na kasri wala nchi. Ulikuwa ni ufalme wa watu waliohamishwa, wenye wake na watoto, wakiishi mpakani ambako mashamba yalikuwa yameachwa na njaa imeenea. Sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe. Adui yake Mbogo naye hakuwa mtu wa mbali: Mwanga alikuwa mtoto wa ndugu yake, na kwa desturi ya Waganda ndugu wa baba ni baba. Vita vilivyoitwa vya dini vilikuwa pia vita vya nyumba moja, na pia vita vya kugombea vyeo na ardhi.

Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika Mengo kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza, akajenga ngome juu ya kilima cha Kampala. Mei 1891 alikwenda mpakani pamoja na majeshi ya Wakristo. Waislamu wakatakiwa wamtoe Mbogo na kumkubali Mwanga, wakakataa kumtoa mtu wao. Vita vikapiganwa nao wakashindwa, lakini hawakuangamizwa. Wakarudi nyuma wakiwa na mkuu wao.

Ndipo ukaja mwaka 1892, ambao miezi yake ya kwanza ilikuwa katika mwaka 1309 wa Hijra. Tarehe 24 Januari Waprotestanti na Wakatoliki, waliokuwa wameungana juu ya Waislamu, walipigana wao kwa wao pale Mengo. Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa silaha na kwa bunduki ya Maxim, na Wakatoliki wakashindwa. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kisha akaenda Buddu. Kiti cha Buganda kikabaki kitupu kwa muda wa miezi miwili.

Wakati huo watu wazima wa nyumba ya kifalme waliobaki hai walikuwa wachache mno. Wakristo walikuwa wamegawanyika, ngome ya Kampala ina askari kidogo, na kule mpakani yupo mtoto wa Suuna mwenye watu wenye bunduki na wenye uchungu. Watu wengi walitazamia kwamba Mbogo angeshuka Mengo kwa vita kuchukua kiti cha baba yake. Lugard mwenyewe aliliogopa jambo hilo. Mwanga akarudishwa Mengo tarehe 30 Machi, na tarehe 11 Aprili akatia sahihi mkataba na Kampuni. Kwa hesabu ya Hijra siku hizo zilikuwa ni za Ramadhani.

Baada ya hapo mazungumzo na Waislamu yakafunguliwa. Aliyekuwa na sehemu kubwa katika suluhu hiyo ni Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani waliobaki tangu siku za Emin Pasha, ambao Lugard aliwatoa kando ya Ziwa Albert mwaka 1891. Selim Bey alikuwa Mwislamu, na neno lake lilikuwa na uzito kwa watu wa Mbogo kuliko neno la Mzungu. Masharti yalikuwa haya: Mbogo aache dai la ufalme, akae Kampala karibu na ngome, na Waislamu wapewe masaza matatu, yaani Butambala, Gomba na Busujju.

Mtu apime alichokuwa akiombwa Mbogo. Wafuasi wake wengi hawakutaka aende. Walikumbuka yaliyowapata wana wa wafalme waliotiwa mikononi mwa Kabaka aliyeketi kitini. Akikataa, watu wake wangeendelea kukaa porini mwaka baada ya mwaka, wakila kwa fadhila ya Bunyoro, na watoto wao wasingejua nyumbani ni wapi. Akikubali, angepata ardhi kwa ajili yao na kwa nafsi yake asipate kitu ila kulindwa na askari. Mbogo akakubali. Akaja Kampala mwaka ule ule, na alipokutana na Mwanga walishikana mikono na kukumbatiana kwa muda mrefu, baba na mwana wa nyumba moja, baada ya damu yote ile iliyomwagika.

Suluhu ile haikudumu kama ilivyotarajiwa. Masaza matatu yalikuwa madogo kwa watu waliorudi, na Waislamu walichukia kulazimishwa kufanya kazi za Kabaka chini ya Katikkiro wa Kiprotestanti. Mwezi wa Juni 1893 mambo yakachafuka. Selim Bey, kwa kuwa ndiye aliyemleta Mbogo kwa ahadi yake, alituma habari kwamba kuwapiga Waislamu ni kumpiga yeye. Kapteni Macdonald akaliona hilo kuwa ni uasi. Akawanyang'anya Wasudani silaha, akamkamata Selim Bey ambaye alikuwa mgonjwa, akampeleka pwani, naye akafia njiani huko Naivasha. Waislamu waliopigana wakashindwa, wakakimbilia magharibi. Gomba na Busujju zikachukuliwa, wakaachiwa Butambala peke yake.

Mbogo hakukimbia pamoja na waliokimbia. Alibaki mikononi mwa Wazungu, na ijapokuwa hakuongoza vita vile, akahamishwa akapelekwa Unguja. Yule aliyekuja kwa amani akalipa kwa uhamisho. Lakini watu wake hawakupotea, na mwaka 1895 akaruhusiwa kurudi.

Miaka miwili baadaye akatiwa tena katika mtihani. Mwezi wa Julai 1897 Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, na mtoto wake mchanga Daudi Chwa akatawazwa. Septemba askari wa Kisudani nao wakaasi, wakaingia Busoga na kuishika ngome ya Lubwa. Hao walikuwa Waislamu, na nia yao ilikuwa Mbogo awe Kabaka. Kiti alichokiacha mwaka 1892 kilikuwa kinaletwa kwake kwa mikono ya watu wa dini yake. Mbogo akakikataa. Alijua kwamba mwisho wa vita vile ungewaangukia wanyonge wa Butambala na Kampala, si wakubwa waliovianzisha. Neno alilolitoa mbele ya watu alilishika.

Mkataba wa mwaka 1900 ulipoandikwa, Waislamu walipata saza moja tu katika masaza 20 ya Buganda, na mkuu wake akawa Taibu Magato. Mbogo alipewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, na malipo ya paundi 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti kwamba asidai zaidi. Wako waliosema kwamba hayo ni machache kwa watu waliowahi kuishika Mengo, na kusema hivyo si kosa. Kwa miaka mingi kijana Mwislamu hakuwa na njia pana ya kupanda cheo katika serikali ya Buganda, na shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli.

Hata hivyo Waislamu walikuwa na mkuu anayetambuliwa, walikuwa na ardhi, na waliweza kusali bila kujificha. Mbogo akawa kiongozi wao mpaka alipofariki mwaka 1921. Mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo, lakini alipokua akatoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Jiwe la msingi la msikiti likawekwa na Aly Khan mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Alikuwa pia miongoni mwa walioasisi mwaka 1944 chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, ili watoto wasichague tena baina ya elimu na dini yao. Jengo lile jeupe juu ya kilima lina mizizi katika uamuzi wa mwaka 1892.

Watu husifu ushujaa wa mwenye kushika bunduki. Mbogo naye aliwaongoza watu wenye bunduki, kisha akaacha ufalme mara mbili, mara moja akiwa mpakani na mara moja akiwa Kampala, na mara zote mbili hesabu yake ilikuwa ni ya roho za watu. Waislamu wa Kampala wanaposhindana wao kwa wao juu ya uongozi, na wakumbuke kwamba mwana wa Kabaka Suuna alikiacha kiti chenyewe ili umma wake upate pa kukaa.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi, awarehemu mashahidi wa Namugongo na wote waliotangulia, na awajaalie waliobaki umoja na subira. Amin.